Maswali ya wasomaji: Takwimu za afya, kutoka rejesta ya zahanati hadi Oslo

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu wanaokaa na rejesta mezani: wauguzi, maafisa wa rekodi, na wachache wanaotengeneza mifumo yenyewe. Tumezifupisha, tukaondoa majina ya waandishi na ya vituo vyao.

Ndugu wahariri, poleni na kazi. Zahanati yetu iko jirani na mnada. Kila kikao cha robo mwaka tunasimamishwa kwa sababu Penta 3, dozi ya tatu ya chanjo ya Penta, imevuka asilimia mia. Safari hii imefika 133. Tunaambiwa "mrekebishe". Turekebishe nini?
*Muuguzi, Mkoa wa Morogoro*

Msiguse namba iliyohesabiwa kutoka kwenye rejesta. Anayepunguza watoto 31 wawe 23 ili asilimia ikae vizuri ameharibu hesabu ya wilaya nzima, na akiba ya chanjo itakayopangwa kwa hesabu hiyo itakuwa ya watoto 23.

Asilimia hiyo imetengenezwa kwa namba mbili. Ya juu ni watoto mliowachanja, na hiyo ni yenu. Ya chini ni watoto wanaotarajiwa, ambayo hamkuihesabu ninyi. Imetoka kwenye makadirio ya sensa. Tuseme eneo lenu limekadiriwa kuwa na watu 8,000, na wilaya inachukua asilimia 3.5 kuwa watoto wa chini ya mwaka mmoja. Hao ni 280 kwa mwaka, au 23 na kidogo kwa mwezi. Mkichanja 31, mfumo utaandika 133 bila mtu yeyote kudanganya. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, lakini idadi ya eneo la zahanati moja ni mgawanyo juu ya mgawanyo, na haijui kwamba kwenu kuna mnada. Mama anayekuja kuuza kuku na mtoto mgongoni anapitia kliniki hapo hapo. Kijijini kwake asilimia inashuka, kwenu inapanda.

Kabla ya kujitetea, lakini, hakikisheni namba ya juu. Chukueni mwezi mmoja. Hesabuni upya watoto wa Penta 3 mstari kwa mstari kwenye rejesta, kisha angalieni karatasi ya tali, fomu ya mwezi, na kilichoingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Mnapata namba nne. Gawanyeni hesabu mpya ya rejesta kwa namba iliyoko kwenye mfumo: jibu likiwa kati ya 0.90 na 1.10 kazi ni nzuri. Likitoka nje ya hapo tafuteni kosa lilipoingia. Rejesta ikisema 47, fomu 52 na mfumo 25, yapo makosa mawili tofauti. Kutoka 47 kwenda 52 ni kosa la majumuisho, mara nyingi watoto wa siku za mwisho wa mwezi waliohesabiwa mara mbili kwa kuwa ukurasa mmoja umebeba miezi miwili. Kutoka 52 kwenda 25 ni vidole tu. Dawa ya la kwanza ni mstari wa kalamu nyekundu chini ya mteja wa mwisho wa mwezi na jumla ya kila ukurasa chini yake. Dawa ya la pili ni mtu wa pili kusoma kwa sauti wakati wa kwanza anakagua skrini.

Linganisheni pia na leja ya chanjo. Dozi zilizofunguliwa haziwezi kuwa chache kuliko watoto waliochanjwa. Zikiwa chache, tatizo lenu si mnada.

Hesabu ikisimama, nendeni kikaoni na vitu viwili. Kwanza, idadi ya watoto kwa makazi: safu ya kijiji iko kwenye rejesta tayari, inahitaji mtu wa kuijumlisha. Pili, kiwango cha watoto wanaopotea njiani, ambacho hakihitaji makadirio ya watu kabisa: Penta 1 toa Penta 3, gawanya kwa Penta 1. Kama kwa mwaka mlianza na 372 na kumaliza na 335, mmepoteza 37, karibu asilimia 10, na hicho ndicho kiwango ambacho wengi hukitumia kama mpaka wa kuanza kuwa na wasiwasi. Hapo ndipo pa kuongelea, maana hao 37 wana majina na vijiji.

Mwezi mzima hatukupata mgonjwa wa surua. Niandike sifuri au niache wazi?
*Tabibu, Singida*

Andika sifuri. Kwenye karatasi, wazi maana yake hatujui kama hakukuwa na mgonjwa au hakuna aliyeangalia. Ila kuna jambo la kumuuliza msimamizi wa mfumo: DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sifuri. Ukiiandika, inaitupa ili kuokoa nafasi, mpaka kipengele hicho kiwekewe alama kwamba sifuri yake ina maana. Kwa surua, kipindupindu, kupooza kwa ghafla na vifo vya wajawazito, alama hiyo lazima iwepo. Kwa mamia ya visanduku vya umri na jinsi katika fomu ya wagonjwa wa nje haihitajiki, itajaza seva bure.

Hujambo mhariri. Tunajaza fomu za mwezi MOH 711 na 705A kabla ya tarehe 15 kila mwezi, lakini dashibodi ya kaunti inatuonyesha kwa rangi nyekundu kwamba hatujaripoti. Tumechoka kuandikiwa barua.
*Afisa wa rekodi za afya, Kilifi*

Kuna sababu tatu, na twendeni kwa ile inayotokea zaidi.

Kwenye DHIS2 kila namba huhifadhiwa mara tu unapotoka kwenye kisanduku, kwa hiyo mtu huona kijani, hufunga kompyuta na kwenda zake. Kiwango cha kuripoti lakini hakihesabu namba. Kinahesabu kitufe cha kukamilisha kilichoko mwisho wa fomu. Fomu iliyojaa bila kitufe hicho ni sawa na fomu ambayo haikuja. Na kinyume chake ni kweli, jambo linalotusumbua zaidi: fomu tupu iliyobonyezwa kitufe inahesabiwa kuwa imeripotiwa. Kaunti inayojisifia asilimia 98 ya kuripoti bila kuangalia visanduku vilivyojazwa inajisifia mibonyezo.

Sababu ya pili ni ugawaji wa fomu. Kila kituo hupangiwa fomu kinazotakiwa kujaza. Kituo kisichozalisha kikipangiwa fomu ya uzazi, kitaonekana mdaiwa milele. Mwombeni afisa wa kaunti ndogo aipitie orodha hiyo kila Januari, na kila kituo kinapoongeza au kufunga huduma.

Ya tatu ni ya saa. Dashibodi hazisomi namba mbichi. Zinasoma majedwali yanayotengenezwa upya, mara nyingi usiku. Ulichoingiza leo saa nne asubuhi kitaonekana kesho. Ukikimbizwa na tarehe 15, usisubiri jioni ya tarehe 15.

Umeuliza pia, kwenye karatasi ya pili, kuhusu kanuni za ukaguzi zinazokupigia kelele. Tofautisha zile za lazima na zile za tahadhari. Waliopatikana na malaria hawawezi kuzidi waliopimwa; hiyo ikivunjika, kuna kosa, basi. Lakini Penta 3 kuzidi Penta 1 kwa mwezi mmoja katika kituo kimoja si kosa la lazima, kwa sababu watoto wa Penta 3 wa Mei ni wale walioanza miezi ya nyuma. Kanuni hiyo ina maana ukisoma mwaka mzima. Aliyeiweka kwa mwezi anawafundisha watu kupuuza kengele.

Kwa nini mfumo unaotumiwa na wizara zetu unatengenezwa Norway? Ni msaada, ni biashara, au ni nini?
*Mwanafunzi wa habari za afya, Dodoma*

Asili yake ni Cape Town. Mradi wa HISP, wa mifumo ya taarifa za afya, ulianza Afrika Kusini mwaka 1994, ubaguzi wa rangi ulipokwisha na huduma za afya zilizogawanywa kwa rangi zikatakiwa kuunganishwa ziwe za wilaya. Kila idara ilikuwa na fomu zake, na hakuna aliyeweza kujumlisha. Jørn Braa wa Chuo Kikuu cha Oslo na Calle Hedberg, pamoja na watu wa afya na wa vyuo vya huko, walianza kwa kupunguza: kukubaliana seti ndogo ya takwimu ambazo kila kituo kitatoa. Programu ya kwanza, DHIS, ilijengwa juu ya Microsoft Access, kompyuta moja moja. DHIS2 ya kutumia kwenye intaneti, iliyoandikwa kwa Java, ilianza kufanya kazi Kerala, India, mwaka 2006. Kenya ilipoieneza nchi nzima mwaka 2011 iliweka seva moja ya taifa na watu wakaingia kwa modemu za simu, badala ya kubeba diski kutoka wilaya hadi wilaya. Wengine waliona ni ujasiri wa kupita kiasi.

Kilichotoka Norway hasa ni desturi ya kazi. Mapema miaka ya 1970, Kristen Nygaard, aliyebuni lugha ya Simula pamoja na Ole-Johan Dahl, alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma nchini humo ili wafanyakazi wawe na sauti katika kompyuta zilizokuwa zikiingia viwandani mwao. Nchi za Nordiki zikajenga juu ya hapo mtindo wa kubuni mfumo pamoja na atakayeutumia. Mtindo huo haukusafiri mzima. Mfanyakazi wa kiwanda wa Norway alikuwa na chama chenye nguvu nyuma yake. Muuguzi wa zahanati akiitwa kwenye warsha ya kubuni fomu, aliyekaa mbele ni bosi wake na aliyelipa posho ni mradi. Kusema "safu hii haina kazi" si rahisi hapo. Kwa hiyo waulizeni wauguzi peke yao, kituoni kwao, rejesta ikiwa wazi mezani.

Programu yenyewe ni huria: hakuna leseni ya kununua. Chuo cha Oslo kinaratibu msimbo mkuu, na vikundi vya HISP vya nchi mbalimbali, Tanzania ikiwemo, huandika sehemu, hufundisha na kusimika. Na safari imekuwa ya pande mbili. Mwanzoni mwa 2020 Sri Lanka iliigeuza DHIS2 kufuatilia wasafiri na wagonjwa wa korona. Muda mfupi baadaye manispaa za Norway zikaitumia kufuatilia waliokutana na wagonjwa. 

Wilaya yetu imepewa vishikwambi 40 kwa ajili ya kliniki ya wajawazito. Tuache rejesta mara moja au tutumie vyote viwili?
*Mratibu wa afya ya uzazi na mtoto, Kanda ya Ziwa*

Vyote viwili, lakini kwa muda ulioandikwa tarehe ya mwisho. Kuandika mara mbili bila mwisho ndiko kunakoua miradi hii. Muuguzi mmoja mwenye wajawazito 40 asubuhi ataandika rejesta, atajaza kadi ya mama, na kishikwambi atakijaza saa kumi jioni kwa kunakili kutoka kwenye rejesta. Hapo kifaa kimekuwa mashine ya kunakili. Vikumbusho na maonyo yake havimfikii mama, kwa sababu mama ameshaondoka.

Tungeanza na vituo vinne, si 40: kimoja chenye umeme na mtandao, kimoja kisicho na mtandao, kimoja chenye wateja wengi na kimoja chenye mhudumu mmoja. Miezi mitatu. Kila Ijumaa msimamizi achague mistari 20 ya rejesta bila mpangilio na kuitafuta kwenye kishikwambi: yupo? tarehe ya hedhi ya mwisho inafanana? shinikizo la damu limeandikwa? Mistari 19 kati ya 20 ikifanana kwa wiki nne mfululizo, kituo hicho kiandikiwe barua rasmi ya kuacha kuandika mara mbili. Bila barua, hakuna muuguzi atakayethubutu, maana mkaguzi wa kesho ataomba rejesta. Kadi ya mama ibaki; mama ndiye anayesafiri nayo kwenda kujifungulia kwingine.

Kabla ya hapo, kaeni na fomu yenyewe. Rejesta hujazwa mstari mmoja kwa jicho moja. Kishikwambi huomba kurasa sita. Pimeni kwa saa ya mkononi: hudhurio la kwanza lisizidi dakika saba za kujaza, hudhurio la marudio tatu. Likizidi, ondoeni maswali ambayo hayabadilishi tiba wala hayaingii kwenye ripoti ya mwezi. Na ripoti ya mwezi itoke yenyewe kwenye kifaa. Kama muuguzi bado anapiga tali mwisho wa mwezi, hajaona faida, na msishangae akikiacha kabatini.

Sasa vitu vinavyoharibika. Programu ya DHIS2 ya Android inafanya kazi bila mtandao, lakini kuingia mara ya kwanza kunataka mtandao, kwa hiyo ingieni ofisini kabla ya kusambaza. Namba za mteja zinazojitunga hutengwa kwa mafungu. Kituo kikikaa bila mtandao mpaka fungu likaisha, hakiwezi kusajili mtu mpya. Ongezeni fungu kwa vituo vya mbali. Data ambayo haijapandishwa iko ndani ya kifaa tu: anayefuta programu ili "kuipa nafasi", au kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani kwa kusahau nywila, amefuta wajawazito wote ambao hawajapanda. Bandikeni hilo mgongoni mwa kifaa. Wekeni kifunga cha kuzuia mitandao ya kijamii na video, la sivyo bando la mwezi litaisha ndani ya siku tatu. Na kati ya vifaa 40, shikeni vinne stoo. Vioo huvunjika, na tundu la chaji hulegea kabla ya betri kuchoka.

Niko Bergen. Nilipofika nilipewa namba ya utambulisho ya muda, mwaka uliofuata nikapata ya kudumu. Sasa daktari mpya haoni vipimo vyangu vya mwanzo.
*Msomaji, Norway*

Namba ya muda uliyopewa inaitwa D-nummer. Inafanana na ya kudumu, tarakimu 11, isipokuwa tarakimu ya kwanza imeongezwa 4: aliyezaliwa tarehe 12 huanza na 52. Vipimo vyako havikupotea. Vimeandikwa kwa mtu ambaye kompyuta inamwona ni mwingine. Mpe daktari namba zote mbili, umwombe kliniki iunganishe faili. Ukishaunganishwa, omba uchapishiwe orodha ya chanjo uhakikishe.

Tunatengeneza mfumo wa kliniki. Tutumie namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, kumtambua mgonjwa kama wafanyavyo Ulaya Kaskazini?
*Mtayarishaji programu, Arusha*

Swali la msomaji wa Bergen ni utangulizi mzuri, kwani hata huko namba haimalizi kila kitu. Sweden ilianza kumpa kila mkazi namba mwaka 1947, Norway mwaka 1964, Denmark mwaka 1968. Ukitaka kujua kwa nini sajili zao za saratani na za uzazi zinasifiwa, usianze na kompyuta. Anza na namba hiyo. Mtoto ni kama anazaliwa nayo, kwa kuwa hospitali huripoti kuzaliwa kwake kwenye daftari la wakazi, ambalo Norway linasimamiwa na mamlaka ya kodi.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na wengi wa wateja wa kliniki ya mama na mtoto ni watoto na wasichana ambao hawajafikia umri wa kuipata. Iwekeni kama sehemu ya hiari. Msiifanye sharti la kuhudumiwa, kwa sababu siku ya kwanza tu mhudumu ataandika ya shangazi.

Tumieni namba yenu fupi iliyochapwa kwenye kadi, yenye tarakimu ya ukaguzi mwishoni. Wanorwei wameweka mbili. Kwenu moja yatosha. Chukueni namba ya mfululizo, mathalani 2047. Zidisheni tarakimu kwa 5, 4, 3 na 2: 10 + 0 + 12 + 14 = 36. Gawanyeni kwa 11, baki ni 3. Toeni kwenye 11: 8. Namba ya mteja ni 20478. Jibu likiwa 11 andikeni 0. Likiwa 10 rukeni namba hiyo. Mhudumu akigeuza akaandika 20748, hesabu itadai 5 mwishoni, na programu itamzuia hapo hapo. Kosa la kugeuza tarakimu mbili jirani ni miongoni mwa yanayotokea sana kwenye rejesta.

Aliyekuja bila kadi atafutwe kwa jina la kwanza la mama, mwaka wa kuzaliwa, kijiji na namba ya simu. Msitegemee jina lake pekee: Mwanaidi, Mwanahidi na Mwana Idi ni mtu mmoja, na Neema Joseph ni watu tisa. Kitufe cha kusajili mpya kisionekane mpaka utafutaji umefanyika. Na simu ya nyumbani huwa ya watu watano, isitumike kama kitambulisho.

Kwa nini tusinunue mfumo mmoja mkubwa wa hospitali zote, ule wanaoutumia Denmark na Finland, tukaachana na viraka hivi?
*Mdau wa TEHAMA, Nairobi*

Kwa sababu nchi hizo, zenye fedha na mtandao wa uhakika, zimeteseka nao. Denmark ilianza kuusimika mfumo wa Epic, kampuni ya Marekani, katika hospitali za Herlev na Gentofte mwaka 2016. Finland ilianza mwaka 2018 kwenye hospitali ya Peijas mjini Vantaa, kwa jina la Apotti. Norway ya kati iliwasha Helseplattformen, ambayo nayo ni Epic, katika manispaa ya Trondheim Mei 2022, kisha hospitali ya St. Olav Novemba mwaka huo. Madaktari walilalamika kwamba kazi iliyokuwa ya dakika chache imekuwa mibonyezo mingi, na St. Olav iligundulika kwamba maelfu ya barua zilizotakiwa kufika kwa madaktari na wagonjwa hazikutumwa. Sweden nayo, mkoa wa Västra Götaland uliwasha mfumo mwingine, Millennium, Novemba 2024, na ukausimamisha ndani ya siku chache.

Sababu zinafanana. Mfumo ulikua katika hospitali za Marekani, ambako kila tendo hufuatwa na ankara, na utaratibu huo umejificha ndani ya skrini. Istilahi zilitafsiriwa na watu wasiojua wodi. Kila idara iliwashwa siku moja. Na mahali mfumo ulipokutana na jirani yake, yaani rufaa, maabara na dawa za nyumbani, palijaribiwa mwisho.

Viraka vyenu vina tatizo, hatukatai. Lakini kinachotakiwa Nairobi na Mombasa ni mifumo yote kutumia orodha moja ya vituo yenye namba zisizobadilika, orodha moja ya majina ya dawa na vipimo, na makubaliano ya jinsi mifumo itakavyopeana taarifa kwa viwango kama FHIR (wa kupeana data za afya) na ICD (orodha ya namba za magonjwa). Kazi hizo ni za bei nafuu kwa kulinganisha, na hata mkinunua mfumo mkubwa mtazihitaji. Zianzeni.

Kundi letu la WhatsApp la wilaya hutumiana picha za rejesta ili kusahihishana. Kuna ubaya?
*Muuguzi, Pwani*

Upo. Picha ya ukurasa mmoja wa rejesta ya wajawazito ina majina, vijiji na majibu ya VVU ya watu wapatao 20, na sasa iko kwenye simu za watu 60, pamoja na aliyehama mwaka jana ambaye hakuna aliyemtoa kundini. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Finland iliona mwisho wa uzembe huu: rekodi za wagonjwa wa kituo cha ushauri wa kisaikolojia cha Vastaamo ziliibwa, na mwaka 2020 wagonjwa wenyewe wakaandikiwa ujumbe wa kudaiwa pesa ili maneno yao yasianikwe.

Tumianeni namba ya mstari na tatizo: "ukurasa 14, mstari wa 6, tarehe ya hedhi ya mwisho haiendani na wiki za mimba." Inatosha. Kila mtu awe na akaunti yake. Ile ya "zahanati123" inayotumiwa na wanne haiwezi kusema nani alifungua nini. Norway, mgonjwa huingia mwenyewe kwenye tovuti na kuona nani amefungua muhtasari wa faili lake, na hilo linawezekana kwa sababu tu akaunti hazishirikiwi. Jihadharini pia na majedwali ya vijiji: kijiji chenye mjamzito mmoja aliyepatikana na VVU kimeshamtaja kwa jina, hata kama jina halipo.

Mfadhili wa seva yetu anaondoka Desemba. Tuokoe nini kwanza?
*Msimamizi wa mfumo, shirika la afya*

Kwanza, miliki: jina la tovuti, akaunti ya mwenyeji wa seva na nywila za msimamizi mkuu viwe vya taasisi yenu, si barua pepe ya mshauri aliyekwenda. Hilo lifanyike wiki hii, kwa kuwa Desemba hakuna atakayejibu simu.

Kisha nakala. Hifadhidata ya DHIS2 ni PostgreSQL; nakilini kila usiku, mkiacha majedwali ya uchambuzi, yale yanayoanza na neno "analytics", kwa sababu mfumo unaweza kuyatengeneza upya. Faili litapungua sana, na litapita kwenye mtandao wenu. Nakilini kando folda ya faili zilizoambatishwa na faili la mipangilio lenye ufunguo wa usimbaji. Bila ufunguo huo, sehemu zilizofungwa hazitasomeka tena. Wekeni nakala tatu: moja kwenye seva, moja jengo jingine, moja mji mwingine.

Halafu rejesheni nakala hiyo kwenye kompyuta tupu kabla ya mwisho wa Oktoba. Fungueni mwezi mmoja wa kituo kimoja mnachokijua, mlinganishe namba na fomu ya karatasi. Kama haikufunguka, mna miezi miwili.